Mwavuli wa Nje: Namna ya Kukipeleka Kivuli Pale Ulipokaa

Mteja akihamisha kiti mara ya tatu kabla kahawa haijapoa, kosa si lake. Mwavuli umesimama vizuri, umekunjuliwa wote, kitambaa hakina hata tundu, lakini kivuli kimelala njiani kwa wapita njia na yeye yuko juani anapepea uso kwa menyu. Nina meza nne Kigamboni, kila moja na mwavuli wake wa mita 3, na kwa muda mrefu niliamini dawa ni kununua mwavuli mkubwa zaidi. Nilikosea. Wa mita 3 unawatosha watu wanne, ilimradi ujue jua liko wapi na upepo unatoka wapi. Hilo la upepo ndilo watu husahau, na ndilo lililonivunjia mwavuli wangu wa kwanza.

Vipimo nitakavyotaja ni vya Dar es Salaam. Aliyeko Tanga, Unguja, Pemba au Mombasa anaweza kuvitumia vilevile, tofauti ni ndogo mno kwa kazi hii. Na tukubaliane majina mapema: mti ni bomba la katikati, kitako ni ule uzito wa chini unaoushika mti, vyuma ni zile mbavu zinazotandaza kitambaa, pindo ni ukingo wa kitambaa, na shingo ni kiungo cha juu ambacho mwavuli unainamia. Mafundi wana majina yao, haya yatatutosha.

Kivuli hakikai chini ya mwavuli

Kinakaa chini yake kwa muda mfupi tu, jua likiwa utosini. Na hapa Dar jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Mwanzoni mwa Novemba hufika kama saa sita na dakika 7, na katikati ya Februari huchelewa hadi karibu saa sita na dakika 37. Nje ya hapo, kivuli kiko safarini.

Chukua mwavuli ambao pindo lake liko mita 2.2 kutoka chini, siku za Machi au Septemba. Saa nne asubuhi, katikati ya kivuli iko kama mita 1.6 magharibi ya mti. Saa nane mchana imeshavuka upande wa mashariki, karibu mita 1. Saa kumi ni mita 3. Saa kumi na moja ni karibu mita 6. Sasa kumbuka kwamba mwavuli wa mita 3 una mita 1.5 tu kila upande wa mti. Maana yake saa kumi hata mti wenyewe uko juani, na meza uliyoupitishia mti katikati iko juani nao.

Angalia pia mwendo. Kati ya saa nane na saa kumi kivuli kimesogea mita 2. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja kimekwenda zaidi ya mita 2 na nusu, kwa saa moja tu. Ndiyo sababu mwavuli uliokaa vizuri kutwa nzima unakutoroka alasiri, wakati wateja ndio kwanza wanatoka kazini.

Hatua ya kwanza: jua liko upande gani msimu huu

Mashariki na magharibi kila mtu anazijua. Wengi hawaangalii kwamba mchana jua linaegemea kaskazini au kusini kufuatana na mwezi. Mwezi Juni, saa sita na nusu, kivuli cha mwavuli wetu kimesukumwa kama mita 1.3 upande wa kusini, kwa sababu jua liko kaskazini. Desemba ni kinyume, ila kidogo: kama sentimita 66 upande wa kaskazini. Jua linapita utosini kwetu mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba.

Huhitaji kukariri tarehe. Kumbuka pepo: kusi ikivuma, jua liko kaskazini, kaskazi ikivuma, jua liko kusini. Majina yamepishana na jua, na hilo nitalirudia mbele kwa sababu lina madhara yake.

Kama hujui kaskazini ya uwanja wako iko wapi, tazama msikiti wa jirani umeelekea wapi. Dar, Unguja na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja na Makka, kwa hiyo kibla kwetu ni kaskazini hasa. (Ndugu zetu wa Maskati wasiifuate hii. Kibla yao iko magharibi.)

Hatua ya pili: fimbo

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa kuwa inamaliza ubishi wote. Pima kimo cha pindo la mwavuli, toa kimo cha meza. Kwangu ni mita 2.2 kutoa sentimita 75, inabaki mita 1.45. Kata fimbo ya urefu huo, hata mpini wa fagio unafaa. Isimamishe wima kwenye ardhi tambarare, saa ileile unayotaka kivuli, kisha pima kivuli cha fimbo. Urefu wa kivuli hicho ndio umbali wa kusogeza kitako kutoka katikati ya meza, kuelekea jua liliko.

Fimbo yangu saa nne asubuhi inatoa kivuli cha mita 1 na kitu. Saa kumi inatoa mita 2. Basi kwa meza ya wateja wa jioni, kitako kinakaa mita 2 upande wa jua, na kivuli kinatua juu ya meza chenyewe, mwavuli ukiwa umenyooka kabisa.

Kwa nini kimo cha meza kitolewe? Kwa sababu hutaki kivuli ardhini, unakitaka penye sahani, mikono na kifua cha aliyekaa. Anayepima kivuli ardhini anapeleka kitako mbali kupita kiasi, kisha anashangaa vichwa vya watu viko juani na viatu viko kivulini.

Kama unakaa mahali kwa saa mbili au tatu, usipime kwa saa uliyofika. Pima kwa katikati ya muda huo. Chakula cha saa nane hadi saa kumi, weka kivuli cha saa tisa.

Mtaona basi kwa nini siipendi meza yenye tundu la mwavuli katikati. Inapendeza kwenye picha, lakini imeufunga mti pale ambapo kivuli hakipo. Kwa chai ya asubuhi utaweza kuinamisha mwavuli ukapata nafuu. Kwa biashara ya alasiri, meza ya tundu ni hasara.

Hatua ya tatu: kimo

Kabla ya kugusa shingo, shusha. Mwavuli wenye mti wa vipande viwili una pini na matundu kadhaa, watu wengi huweka pini kwenye tundu la juu kabisa na kuisahau huko. Saa tatu asubuhi, ukishusha mwavuli sentimita 30 kivuli kinarudi kuelekea mti kama sentimita 36. Ni hatua nzima ya kiti, bila gharama na bila kuongeza hatari ya upepo. Mpaka wako ni kichwa cha mtu mrefu anayepita; pindo likifika kimo cha jicho limeshuka mno, vyuma vitamchoma mtu.

Hatua ya nne: kuinamisha

Miavuli yenye shingo iko ya aina tatu sokoni. Ya kwanza ina kitufe kwenye mti: unabonyeza, unasukuma mwavuli kwa mkono, unaachia kitufe kikakamata kwenye moja ya hatua zake. Ya pili ina pete chini ya shingo. Unaizungusha na mwavuli unainama taratibu, unaweza kuusimamisha popote. Ya tatu haina kitufe wala pete. Unazungusha mkono uleule wa kufungulia, yaani kile kipini kilicho kwenye mti, na mwavuli ukishakunjuka wote, ukiendelea kuzungusha unaanza kuinama. Hii ya tatu ndiyo inayoharibika zaidi kwa wageni, kwa sababu mtu anaona mkono umekuwa mzito, anadhani umekwama, anaulazimisha na kukata kamba ya ndani.

Kwa aina zote, fungua mwavuli mpaka mwisho kwanza, ndipo uinamishe. Ukiinamisha mwavuli nusu wazi, vyuma vinapinda upande mmoja na havitanyooka tena sawasawa.

Shingo inainamia upande mmoja tu. Kwa hiyo kinachogeuzwa ni mti mzima: legeza skrubu ya kitako, zungusha mti mpaka shingo itazame jua, kaza tena. Pindo la upande wa jua ndilo linaloshuka. Nimeona watu wengi wakifanya kinyume, wakiinua upande wa jua ili "kivuli kiende mbele", na jua linaingia moja kwa moja machoni.

Faida yake ni kubwa asubuhi. Saa tatu, mwavuli ulionyooka wenye mti katikati ya meza unaanza kutoa kivuli, kwa kimo cha meza, kama sentimita 23 magharibi ya mti. Zaidi ya nusu ya meza iko juani. Uinamishe digrii 30 kuelekea mashariki, kivuli kinaanza sentimita 47 mashariki ya mti. Meza ya upana wa mita 1 imefunikwa karibu yote. Anayekaa upande wa mashariki bado jua litampata mgongoni. Huyo mwombe ahamie upande wa pili, hakuna mwavuli utakaomsaidia.

Asubuhi, basi, inamisha bila wasiwasi. Alasiri ni habari nyingine.

Alasiri, mwavuli ni tanga

Ilikuwa Julai, saa kumi kasoro. Nimeuinamisha mwavuli vizuri kuelekea kaskazini-magharibi, jua limezibwa, najipongeza. Upepo ukaja mara moja tu. Mwavuli uliinuka na mti wake, ukavuka meza mbili, ukatua juu ya bajaji iliyoegeshwa, shingo imekatika. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu pembeni hakushangaa hata kidogo.

"Mwanangu," akaniambia, "umetweka tanga bila demani, ulitaka lifanyeje?"

Demani ni ile kamba ya kuongozea tanga. Nikacheka kwa uchungu, lakini usiku nikakaa nikalifikiria neno lake, nikaona tatizo lote. Mwezi Julai jua la alasiri liko kaskazini-magharibi na kusi inatoka kusini-mashariki. Ukishusha pindo upande wa jua, umeinua pindo la upande wa upepo. Umeufungulia upepo mdomo. Nikapiga hesabu ya Januari: jua liko kusini-magharibi, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki. Yaleyale! Kwa pwani yetu inayotazama mashariki, misimu yote miwili, jua la alasiri na upepo vinatoka pande zinazoelekeana. Na alasiri ndipo upepo wa bahari unapopata nguvu zaidi.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: asubuhi nainamisha, alasiri nasogeza kitako. Mwavuli ukiwa umenyooka na kitako kimesogezwa mita 2 upande wa jua, kivuli ni kilekile unachokitaka, na upepo unapita juu na chini bila kupata pa kushika. Ni kazi, ndiyo, kitako kizito kukisogeza. Ndiyo maana vitako vyangu vyote nimevifungia magurudumu manne yenye breki, kila kimoja kwenye ubao mnene.

Kama huna budi kuinamisha alasiri, inamisha kidogo, hatua moja tu, na funga demani kweli. Kamba ya nailoni, iliyofungwa kwenye mti chini kidogo ya shingo, ishuke upande wa upepo hadi kwenye kigingi au kitu kizito. Usiifunge kwenye ncha ya chuma, chuma kitapinda kabla kamba haijakaza. Funga kitambaa chekundu kwenye kamba ili watu wasijikwae.

Nunua pia mwavuli wenye tundu la hewa juu, ule wenye kofia ndogo ya pili. Upepo unaoingia chini unapata njia ya kutokea, na joto vilevile. Wakati wa kufunga kabisa? Kitako kikianza kunyanyuka upande mmoja umeshachelewa. Mimi naangalia minazi: makuti yote yakilalia upande mmoja na yasirudi, nafunga.

Uzito wa kitako

Wauzaji watakuambia kitako chochote kinafaa. Mwavuli wa mita 3 usioshikwa na meza siuamini chini ya kilo 40, na ufukweni naongeza. Huna haja ya kununua cha dukani. Ndoo ya lita 20 ikijazwa maji ni kilo 20. Ikijazwa mchanga mkavu ni kilo thelathini na kidogo. Ikijazwa zege ni karibu kilo 48, na bomba la kushikia mti likiwa limesimamishwa katikati kabla zege halijakauka, una kitako cha miaka mingi. Tairi kuukuu lililomwagiwa zege ni bora kuliko ndoo, kwa kuwa ni pana na uzito uko chini. Ndilo utakaloliona chini ya miavuli mingi ya mawakala wa pesa za simu barabarani, na wale wanakaa juani kutwa nzima, wanajua wanachofanya.

Usitumie mchanga wa baharini. Chumvi yake itakula bomba ndani kwa ndani, na siku linapokatika hutakuwa na dalili.

Bomba la kitako na mti visichezecheze. Mwanya mdogo chini ni yumbayumba kubwa juu. Kata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, uuzungushie mti mahali unapoingia kitakoni, kisha kaza skrubu.

Mwavuli wa mkono, na wa ufukweni

Ule mkubwa unaoning'inia kwenye mkono wa pembeni, mti ukiwa nje ya kivuli, ni mzuri sana kwa nyumbani kwa kuwa unaweza kuuzungusha kufuata jua bila kusogeza kitako. Weka mti wake upande wa magharibi wa viti, si mashariki, ili alasiri kivuli kianguke kuelekea walipokaa watu. Ila uzito wake wote uko upande mmoja, na kitako chake cha msalaba ni lazima kijazwe mabamba manne. Sijawahi kushauri mtu auweke mahali wazi mbele ya bahari wakati wa kusi.

Ufukweni kwenye mchanga hakuna kitako. Chimbia mti sentimita 50 hivi, ukiuyumbisha mbele na nyuma huku ukiusukuma chini, kisha shindilia mchanga kwa kuumwagia maji. Ulaze mti kidogo kuelekea upepo, ili upepo uukandamize mwavuli chini. Alasiri hii itakunyima kivuli kidogo, lakini wewe sogeza mkeka. Mkeka hauna uzito.

Na usidhani kivuli cha ufukweni kimemaliza kazi. Mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya miali inayochoma ngozi, na anga lenyewe linashusha nyingine kutoka pembeni. Mtoto mchanga au mwenye ualbino bado anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua hata akiwa katikati ya kivuli.

Jua la saa kumi na moja

Hapa mwavuli umefika mwisho wake. Jua liko chini mno, linaingia ubavuni. Watu wanaendelea kuinamisha mpaka pindo linagusa meza, na ni kupoteza muda. Ning'iniza pazia. Mimi nafunga kamba kati ya mwavuli na mti wa mwembe upande wa magharibi, natundika kanga mbili kuukuu kwa vibanio vya nguo, na kuziacha chini zikiwa huru ili upepo uzipeperushe bila kuvuta kitu. Jamvi pia linafaa, ila ni zito. Kufikia saa kumi na mbili unazitoa.

Kisha funga mwavuli: nyoosha shingo kwanza, ndipo uzungushe mkono kukunja, halafu zungushia mkanda wake. Ukiwa pwani, mwagia vyuma na shingo maji yasiyo ya chumvi mara moja kwa wiki kuondoa chumvi, na tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo. Kitambaa kikiwa kimelowa usikifunge usiku kucha, kitaota ukungu. Kama mvua imekukuta ukifunga, kifungue asubuhi mapema kikauke kabla ya wateja, upepo ukiwa bado umelala.